Sabuni Yako Haihitaji Jicho la Sungura

Jioni moja nikiwa naosha vyombo, dada mmoja wa Pongwe, mpika sabuni, alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, habari za huko?"

"Nzuri mama. Samahani nakusumbua, eti sungura weupe hapa Tanga nitawapata wapi?"

Nikamwuliza anataka wa kufuga au wa kitoweo. Akasema wala, ni wa kupimia. Amepata mnunuzi mwenye duka Ujerumani, na mnunuzi huyo anataka uthibitisho kwamba sabuni yake ya nazi haiunguzi ngozi wala macho. Kuna mtu kamwambia kipimo cha hayo ni sungura.

Mimi ni fundi sanifu maabara. Kazi hiyo nimeifanya miaka 26, na minane ya mwanzo ilikuwa kwenye nyumba ya wanyama, nikiwashika haohao sungura weupe. Usiku ule tuliongea zaidi ya saa nzima. Wengine wameniuliza yaleyale baada yake, kwa hiyo nimeyaandika kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Jambo la kwanza nililomwambia: ukiwapata hao sungura, soko umelikosa. Tangu tarehe 11 Machi 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu kuuzwa kipodozi ambacho chenyewe au malighafi zake zimejaribiwa kwa wanyama ili kutimiza sheria yao ya vipodozi.

Kipimo chenyewe kilivyo

Kinaitwa Draize, kwa jina la John Draize wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, aliyekitangaza na wenzake mwaka 1944. Kilizaliwa na maafa ya kweli. Miaka ya 1930 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope iitwayo Lash Lure, wanawake wakapofuka. Ndani yake mlikuwa na parafenilenediamini, kemikali ileile iliyomo kwenye piko tunalochorwa siku za harusi. Piko nitalirudia.

Sungura anatiwa kwenye kijisanduku chenye tundu la shingo, kichwa nje, mwili ndani, asiweze kujipangusa. Unalivuta kope la chini mpaka liwe kama kikombe, unadondosha 0.1 ml ya dawa, unalifumba jicho kidogo, unaachia. Jicho la pili linaachwa kwa kulinganisha. Halafu unarudi na tochi baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na ikibidi mpaka siku ya 21, unaandika alama kwenye kadi: konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, imeingia ukungu kiasi gani, mboni inaitikia mwanga au haiitikii, wekundu, uvimbe, usaha. Alama za juu kabisa ni 110, na 80 kati yake ni za konea peke yake. Kwa ngozi ni 0.5 ml juu ya mgongo ulionyolewa, inaachwa kwa muda wa saa 4.

Sungura si mnyama wa kelele. Katika miaka ile minane nilimsikia mmoja tu akilia, siku tuliyoletewa dawa ya kuzibulia mabomba. Alilia kama mtoto mchanga. Konea iligeuka nyeupe kama ukoko wa wali nikiitazama. Baadaye nikachukua karatasi ya pH, ile ya kupimia ukali wa tindikali au magadi, ambayo ilikuwa kwenye droo yangu muda wote ule, nikachovya kwenye chupa: 13. Jibu lilikuwa pale. Karatasi ya senti chache ingelisema kabla sijalishika lile kope.

Hata hicho kilichoandikwa kwenye kadi hakikuwa na uhakika tuliokuwa tukidhani. Mwaka 1971 Weil na Scala wa Marekani walitoa matokeo ya kupeleka kemikali zilezile kwenye maabara zaidi ya 20. Maabara moja iliona kemikali haina neno, nyingine ikaona inaunguza vibaya. Na jicho la sungura si letu: lina kope la tatu, machozi yake ni machache, hupepesa kwa nadra.

Anza na kalamu

Kabla ya kupima chochote, andika fomula yako yote kwa uzito na kwa asilimia. Nasema uzito. Lita na vikombe viache kwa chai.

Kisha mdai muuza malighafi karatasi ya usalama ya kila kemikali. Wauzaji wa Kariakoo wanaifahamu kwa jina la MSDS. Asiyekuwa nayo, nunua kwa mwingine. Ina sehemu 16. Wewe soma ya 2, ya 3, ya 9 na ya 11. Sehemu ya 2 ina herufi H na namba, na kwa kazi yetu zipo tano za kukariri. H314 inaunguza ngozi mpaka kidonda. H315 inawasha ngozi. H317 inaleta mzio. H318 inaharibu jicho vibaya. H319 inawasha jicho.

Sasa jumlisha. Kwa hesabu ya kimataifa ya michanganyiko, malighafi zenye H318 zikifika 3% ya mchanganyiko mzima, uichukulie sabuni yote kuwa ni ya kuharibu jicho. Zikiwa kati ya 1% na 3%, ni ya kuwasha jicho. Zenye H315 zikifika 10%, inawasha ngozi. Yenye H317 ikifika 1%, na kwa zile kali hata 0.1%, inahesabiwa ya kuleta mzio.

Chukua sabuni ya maji, ile ya ndoo ya lita 20 ambayo karibu kila kikundi cha akina mama kinaitengeneza. Kuna sulfoniki (tindikali ya kusafishia) kilo moja, slesi (dawa ya povu) nusu kilo, magadi soda ya kuiua tindikali, chumvi, pafyumu, maji. Ile sulfoniki ikishauliwa na magadi si tindikali tena, lakini chumvi yake bado ina H318, na kilo moja kwenye ndoo ya kilo 20 ni 5%. Umeshaivuka 3% bila hata kuihesabu slesi. (Slesi mara nyingi ina kiwango chake maalumu kinachotokana na vipimo, kimeandikwa sehemu ya 3 ya karatasi yake. Kikiwapo, fuata hicho.) Usiogope. Hesabu hii ni kali makusudi. Inakuambia mambo mawili: jaribu kupunguza, na kama hupunguzi, hapo ndipo pa kutumia pesa ya kipimo.

Wengi huishia kwenye kalamu, na ni halali yao. Mafuta ya nazi, nta ya nyuki, mwani, gliserini, hizi zimeshapimwa na kutumiwa na watu mpaka basi. Hakuna sababu ya kuanza upya.

pH na kostiki iliyobaki

Ngozi yetu iko kama 5 kwenye kipimo cha pH, machozi ni kama 7.4. Kitu chenye pH 2 kushuka chini, au 11.5 kupanda juu, kinachukuliwa kuwa kinaunguza mpaka ithibitike vinginevyo. Hapo unasimama. Hakihitaji kiumbe chochote, wala yai, wala seli. Kwa sabuni ya kipande yeyusha gramu 1 kwenye maji gramu 99 yasiyo na madini, ndipo uchovye. Ukitumia mashine, kwanza isahihishe kwa maji maalumu yenye pH 7 na pH 10. Sabuni ya kweli ya kostiki, yaani ile soda kali ya kupikia sabuni, itakupa 9 na pointi mpaka 10 na kitu. Ndiyo maumbile yake, na ndiyo maana sabuni ya kipande yoyote, hata iliyopikwa kwa ustadi namna gani, itauma ikiingia jichoni. Usimwahidi mnunuzi vinginevyo.

pH peke yake haikuambii kama kostiki imebaki. Wengine hulamba sabuni kwa ulimi waone kama "inapiga shoti". Acheni jamani. Kipimo chake ni hiki, na maabara ya kemia ya sekondari yoyote yenye mwalimu mwenye moyo inaweza kukifanya. Pima gramu 10 za sabuni iliyokwaruzwa. Iyeyushe kwenye spiriti safi ya maabara iliyopashwa moto kwa maji ya moto, usitumie moto wa wazi. Tia matone ya fenolfthalini, dawa inayobadilika rangi ikikutana na kostiki. Kwenye maji sabuni yoyote ingegeuka waridi, lakini kwenye spiriti inageuka waridi ile yenye kostiki huru tu. Ikigeuka, dondosha tindikali ya haidrokloriki ya 0.1 molari kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za mililita, mpaka rangi ipotee. Mililita ulizotumia zidisha kwa 0.4, gawa kwa gramu za sabuni. Hiyo ndiyo asilimia ya kostiki.

Dada wa Pongwe alikuja na kipande chake cha wiki moja. Kikawa waridi iliyokolea, na bureti ikashuka mililita 15. Yaani 0.6%. Mimi sabuni ya kuogea ikizidi 0.05% siipitishi. Akashtuka, akasema lakini mama kostiki naipima kwa mizani. Na mafuta je? Mafuta anapima kwa chupa, lita moja. Hapo ndipo mchawi alipokuwa. Kilo moja ya mafuta ya nazi inataka kostiki kama gramu 183, na yeye alikuwa anatia 180 akidhani anaacha akiba. Lakini lita moja ya mafuta ya nazi haifiki kilo, ni kama gramu 920, na gramu 920 zinatosheka na 168 tu. Kilichobaki kilikuwa kwenye mikono ya wateja.

Tukarekebisha: mafuta gramu 1000 juu ya mizani, kostiki gramu 174, ili asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kuguswa. Kipande kipya kwenye spiriti hakikugeuka waridi hata kidogo. Hakuna sungura ambaye angemwambia kosa liko kwenye chupa ya mafuta.

Yai la siku tisa

Kwa sabuni ya maji, shampuu, au chochote kitakachosogea karibu na jicho, na hesabu yako ya H318 imevuka kiwango, kipimo ninachokipenda kwa mazingira yetu ni cha yai. Kinahitaji mtu wa maabara, si cha jikoni, lakini vifaa vyake vinapatikana.

Unatafuta mayai ya kutotolesha, yenye jogoo, mabichi ya siku chache. Yanakaa kwenye mashine ya vifaranga kwa joto la nyuzi 37 na nusu hivi, yakigeuzwa. Siku ya 9 unayamulika kwa tochi gizani: lenye mishipa inayoonekana kama mizizi, chukua, lililo tupu, tupa. Chora kwa penseli mpaka wa kile chumba cha hewa upande mnene wa yai, kisha ukate gamba taratibu kwa kufuata mstari. Utakuta ngozi nyeupe. Ilowanishe kwa maji ya chumvi ya 0.9%, subiri, halafu ivute kwa kibano kidogo kidogo bila kutoboa. Chini yake ndiyo kuna ngozi laini yenye mishipa ya damu, imetandaa kama ramani ya mito. Ngozi hiyo inaunguzwa na vitu vinavyofanana na vile vinavyounguza utando wa jicho.

Weka 0.3 ml ya sabuni yako, iliyochanganywa na maji kwa kiasi ambacho mtu angekutana nacho kweli, na uanzishe saa. Una dakika 5, sekunde 300. Unatafuta mambo matatu na kuandika sekunde ya kila moja: damu kuvuja, mishipa kuyeyuka na kupotea, na utando kuganda kuwa mweupe kama ute uliochemka. Macho yasitoke kwenye yai. Mimi huwa na mtu pembeni wa kuandika, kwa sababu mara nyingi mambo yote yanatokea ndani ya sekunde 20 za mwanzo, ukiinamia daftari umeyakosa.

Kila jambo lina uzito wake. Toa sekunde zake kwenye 301, gawa kwa 300, kisha zidisha: kwa 5 kama ni kuvuja, kwa 7 kama ni kuyeyuka, kwa 9 kama ni kuganda. Jumlisha. Isiyofika 1 haina muwasho, 1 mpaka chini ya 5 ni kidogo, 5 mpaka chini ya 9 ni wastani, 9 mpaka 21 ni mkali. Usisome namba yako bila mayai ya kulinganisha: moja la maji ya chumvi ya 0.9%, lisitokee kitu, na moja la kostiki ya 0.1 molari, ambalo lazima liharibike upesi. Lile la kostiki lisipoharibika, siku hiyo kipimo chako hakina maana.

Watu huniuliza kama yai si kiumbe. Swali zuri na silipuuzi. Siku ya 9 kati ya 21 mfumo wa kuhisi maumivu bado haujakamilika, na mayai yote yanaingia friza mara baada ya kipimo. Mimi hutumia machache iwezekanavyo, manne kwa sampuli, na situmii kabisa pale pH imeshajibu.

Macho ya machinjioni na ngozi ya maabara

Kuna mnunuzi atakayetaka kipimo chenye namba. Hapo unahitaji maabara kubwa, na kazi yako ni kujua uagize nini. Miongozo inayotambulika kimataifa ni ya OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo.

Namba 437 hutumia macho ya ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama. Konea zinatolewa, zinafungwa kwenye kishikizo, zinatiwa sabuni dakika 10 kwenye joto la nyuzi 32, zinaoshwa. Mashine inapima mwanga umezuiwa kiasi gani, na rangi ya fluoreseini imepenya kiasi gani. Matokeo yakiwa 3 kushuka chini, haihitaji onyo la jicho. Yakizidi 55, ni hatari kwa jicho. Katikati hapo kipimo hakisemi kitu, na lazima ukijazie kwa kingine, kwa kawaida namba 492, ambayo ni tabaka za seli za binadamu zilizooteshwa zikawa mfano wa konea.

Kwa ngozi ni namba 439. Seli za ngozi zilizobaki kwenye upasuaji, nyingine za tohara za watoto, zinaoteshwa mpaka zinakuwa na tabaka kama ngozi halisi, zenye magamba yake juu. Zinapakwa sabuni, zinaoshwa, zinaachwa kama saa 42, kisha zinatiwa rangi ya njano ambayo seli hai tu huigeuza zambarau. Zambarau ikipungua mpaka nusu au chini ya nusu ya ile ya ngozi isiyoguswa, kitu hicho kinawasha.

Ukiagiza, andika namba ya mwongozo, kiasi cha maji utakachochanganyia, na pH uliyoipima. Waambie mapema kama sabuni yako ni ya zambarau au ina rangi ya mimea iliyokolea, maana rangi hiyo inaweza kuiharibu hesabu ya zambarau yao. Na uliza bei kabla ya kutuma hata kichupa.

Mzio ni jambo jingine

Sasa piko. Muwasho unatokea siku hiyohiyo. Kwa mzio, mwili unajifunza kwanza, halafu unarudi na hasira. Bibi harusi anachorwa mara ya kwanza, hakuna neno. Mara ya tatu mikono inatoka malengelenge yanayofuata ua lilelile lililochorwa. Nimeyaona kwa binti wa dada yangu, na alama zake zilibaki miezi. Ulaya wanaruhusu ile kemikali kwenye rangi ya nywele isiyozidi 2% ikishachanganywa, na kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Pia formalini, ambayo baadhi yetu tunaitia kwenye sabuni ya maji isiharibike, ina H317. Itoeni. Ziko dawa nyingine za kuhifadhi.

Kwa mzio yai halisaidii, wala 439. Kuna vipimo vitatu vya chupa na seli, namba 442C, 442D na 442E: kama kemikali inashikana na protini, kama seli za ngozi zinaamsha kengele yake, kama seli za kinga zinaamka. Mwongozo namba 497 wa mwaka 2021 unaruhusu kukata shauri pale viwili kati ya vitatu vinapokubaliana. Ni vya malighafi zaidi kuliko sabuni nzima, ndiyo maana kwa mtengenezaji mdogo jibu bora ni kuisoma sehemu ya 11 na kuiepuka H317.

Mtu ni wa mwisho

Yote yakishapita, paka bidhaa kwenye mkono wako mwenyewe, ndani ya kikunjo cha kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku 7. Mafuta paka kama yalivyo. Sabuni ipake kama inavyotumiwa, na povu, kisha suuza. Usiifunike kwa plasta, maana sabuni yoyote ikifunikwa itawasha. Ukiona wekundu au vipele, acha siku hiyohiyo. Ukitaka kujaribu kwa watu wengine kwa utafiti, hiyo inahitaji kibali cha maadili, na kwa Tanzania mlango wake ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Jichoni usitie kamwe, la mtu yeyote, hata lako.

Dada wa Pongwe alituma bahasha ya kurasa sita: fomula kwa asilimia, karatasi za usalama, pH ya mapishi matano, matokeo ya kostiki ya mapishi hayohayo, siku 7 za mkono wake na wa mumewe, na maandishi ya kwenye karatasi ya kufungia: "Ikiingia machoni, suuza kwa maji mengi." Huko Ujerumani mtaalamu mwenye sifa ndiye atakayetia sahihi ripoti ya usalama, na huku nyumbani bado anasubiri usajili wa Shirika la Viwango. Kila pishi anabakisha kipande kimoja kwenye kopo, kina tarehe, na mafuta anayapima kwa mizani.